Babu alirusha ndege ndogo na akafika miaka 91. Ni ndege, ni damu, ama ni bahati tu?

#1 Mjukuu wa Rubani
Habari wadau. Wiki mbili zimepita tumemzika babu yetu kule Tororo, wa 1934 huyo, miaka 91. Sasa pale matangani kila mtu alikuwa na sababu yake kwa nini mzee ameishi hivi wakati wadogo zake wawili hawakufika hata 65. Babu hakuwa rubani wa mshahara, alikuwa fundi wa injini East African Airways kule Embakasi, lakini ndege ndogo alijifunza kwa pesa yake mwenyewe pale uwanja wa Wilson, Nairobi, baada ya uhuru, akapata leseni. Community, ile Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipovunjika 1977 akarudi nyumbani na mke na watoto tisa na masanduku mawili ya spana, akawa anatengeneza mashine za kusaga unga. Ndege akaacha miaka ishirini mizima. Alafu akarudia pale Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, akiwa na miaka 63, watu wanamcheka, na akarusha mpaka 76. Alikuwa anasema aliona Comet, ile ndege ya jeti, Entebbe mwaka 1950 akiwa kijana na ugonjwa ukamwingia siku hiyo hiyo.
Swali ni hili. Pasta alisema ni baraka ya kutunza familia, mjomba anasema ni ile hewa ya juu, shangazi anasema ni kalo na mukene, yaani ugali wa ulezi na dagaa. Nyinyi mnaonaje, kurusha ndege kunaongeza siku?

#2 Rolex Mbili
Pole sana ndugu. Lakini kama ni upepo basi mimi napanda boda kila siku Wandegeya mpaka Ntinda na bado nazeeka tu 😂

#3 Mzee wa Bombo
Poleni na msiba. Kijana, tarehe moja hapo irekebishe. 1950 hapana. BOAC, shirika la Waingereza, walianza na Comet safari ya jeti ya abiria, ile ya kwanza duniani, tarehe 2 Mei 1952, London kwenda Johannesburg, na njiani ilikuwa inatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo kama babu yako aliiona Entebbe basi alikuwa na miaka 17 au 18 kwenda juu, si 16. Jambo lenyewe ni kweli kabisa, watu wengi hawajui kwamba Entebbe ilipata jeti kabla ya miji mingi ya Ulaya.

#4 Rolex Mbili
Comet si ndo ile yenye injini nne zote mkiani?

#5 Mzee wa Bombo
Hiyo ni VC10. Comet injini zake zilizama ndani ya mabawa, pale bawa linapoungana na mwili.

#6 Sista wa Wodi
Poleni. Mimi ni nesi, jibu langu ni rahisi na halina utamu. Mtu mwenye leseni ya kurusha lazima apimwe na daktari wa marubani kila baada ya muda, macho, masikio, presha, mkojo, moyo, na ukizidi kuwa mzee unaitwa mara nyingi zaidi. Sasa nitajieni mwanaume mwingine wa umri huo hapa Uganda ambaye anaenda kupimwa presha na hata haumwi. Hakuna! Sisi tunawapokea wodini wameshaanguka, upande mmoja haufanyi kazi, ukiuliza historia ya presha mke anasema sista huyu hajawahi kuumwa. Hakuwahi kuumwa kwa sababu hakuwahi kupimwa. Babu yenu alipimwa, alikuwa na kitu cha kupoteza.

#7 Mbishi Namba Moja
Sista heshima yako lakini sikubali. Mjomba wangu alisoma Soroti, ile shule ya marubani ya tangu 1971, akafanya kazi nje, anapimwa kila mwaka na makaratasi anayo, akafa na miaka 54. Sukari. Na kuna ile wanasema rubani akistaafu tu hamalizi miaka mitano, nimeisikia kwa watu wa airport wenyewe.

#8 Kalooli
Hiyo ya "akistaafu anakufa" ni maneno ya kijiweni tu. Chuck Yeager, yule wa kwanza kupita mwendo wa sauti mwaka 1947, amekufa 2020 na miaka 97. Eric Brown Mwingereza, aliyerusha aina 487 za ndege, 97 pia. Doolittle, rubani Mmarekani, 96. Dick Cole aliyekaa naye kiti cha pembeni kwenye ule uvamizi wa Tokyo 1942, huyo kafika 103. Hao si mmoja, si wawili.

#9 Mbishi Namba Moja
Na Wilbur Wright aliyetengeneza ndege yenyewe? Miaka 45. Sema na huyo.

#10 Kalooli
Huyo aliuawa na homa ya matumbo bwana, 1912, si ndege. Na mdogo wake Orville akafika 76. Usichanganye mambo.

#11 Mwalimu wa Arua
Kalooli, tatizo la orodha yako ni kwamba umehesabu waliobaki. Wale waliorusha na wakaanguka na miaka 26 hawana wajukuu wa kuanzisha uzi. Ni kama kwenda kuuliza wazee wa miaka 90 wanaovuta sigara, utatoka pale unaamini sigara ni dawa.

#12 Rolex Mbili
Mwalimu kumbe sigara ni dawa 😂😂 babangu atafurahi

#13 Mjukuu wa Rubani
Asanteni. Mzee wa Bombo uko sawa, nimemuuliza mama anasema ni 1952 kweli, alikwenda kumtembelea baba yake mdogo aliyekuwa mpishi Entebbe, akapanda treni Tororo hadi Kampala. Hiyo 1950 mimi nilikosea, au yeye alizidi kuipamba kila mwaka.
Mwalimu, naelewa. Lakini babu naye angeweza kuwa kwenye hao waliobaki chini. Acha niwaambie kitu kimoja nilichokiona kwa macho. 2006 niko P5, akanichukua Kajjansi. Tumetoka nyumbani sijanywa hata chai. Tumefika, ndege iko pale, ndogo ya Cessna, mimi nataka kupanda. Yeye anatoa kichupa cheupe cha plastiki chembamba, kina kijiti katikati, anakisukuma chini ya bawa, mafuta yanaingia, ya bluu kama wino. Anakiinua juani anafumba jicho moja. Chini kabisa kulikuwa na tone la maji limekaa peke yake, halichanganyiki, limetulia kama ushanga. Akamwaga. Akachota tena. Akamwaga. Mara nne. Alafu bawa lingine. Mimi tumbo linanguruma, nikasema babu si tone moja tu. Hakunijibu mpaka alipochota ikatoka bluu tupu, ndo akasema, "Nikirudi bila wewe, nimwambie mama yako ilikuwa tone moja tu?"
Siku hiyo hatukuruka. Alipomaliza hayo yote akatazama juu upande wa Mpigi, akasema twende tukale.

#14 Fundi Injini
Hapo umenigusa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini ya tangi, na bomba la kwenda injini linavuta kutoka chini. Tangi likilala nusu usiku kucha hewa ya ndani inapoa inatoa unyevu, hasa kwetu huku karibu na ziwa. Ndege ikipanda pua inainuka juu, yale maji yanasogea, injini inakohoa wakati mbaya kuliko wote. Mzee alikuwa fundi kabla ya kuwa rubani, hiyo ndo tofauti. Rubani wengine wanaamini karatasi, fundi anaamini kichupa.

#15 Mama Watatu
Mwanaume amepeleka mtoto asiyekunywa chai mpaka Kajjansi alafu harushi? Mimi ningemrusha mwenyewe.

#16 Mbishi Namba Moja
Kwa hiyo siri ni woga. Samahani ndugu sitaki kumvunjia heshima marehemu, lakini mtu anafunga safari toka Tororo, anaangalia wingu moja, anarudi.

#17 Mzee wa Bombo
Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Na hilo wingu usilidharau, hujui ziwa. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, mvua ya radi inapigwa majini mpaka alfajiri. Mchana inageuka, ziwa linatulia na mawingu yanajaa juu ya nchi kavu. Hata Malkia Elizabeth, Februari 1952, baba yake amekufa, ameletwa Entebbe kutoka Nanyuki aunganishe kwenda London akiwa tayari ni malkia, ikabidi akae asubiri dhoruba ipite. Malkia alisubiri. Fundi wa mashine za kusaga asisubiri ana nini?

#18 Rolex Mbili
Mwaka huo huo 1952 wa Comet. Kumbe Entebbe ilikuwa na shughuli.

#19 Wa Katwe
Mkitaja Entebbe tutaje na 1976, Waisraeli walivyo...

#20 Kalooli
Hapana ssebo. Fungua uzi wako. Hiyo habari ikiingia hapa hatutoki mpaka Krismasi.

#21 Binti wa Jinja
Mjomba wa #1 aliyesema hewa ya juu, kuna ukweli? Nasikia juu kuna mionzi, inaua.

#22 Mwalimu wa Arua
Mionzi ipo kweli kwa hawa wa jeti kubwa, futi 35,000 na zaidi, kila wiki, miaka thelathini. Nchi kadhaa zinawahesabu kama wafanyakazi wa mionzi. Lakini Cessna ya babu huyu inazunguka futi elfu sita saba. Kabale watu wanalala karibu na kimo hicho na kuku wao. Kwa hiyo hewa ya juu haikumwongezea na mionzi haikumpunguzia, hiyo tuitoe.

#23 Mkiga Halisi
Na sisi Kabale tunaishi sana, usitutoe haraka hivyo.

#24 Shemeji wa Mbale
Mimi naona ni kazi. Mtu anayetengeneza vitu kwa mikono hafi haraka. Baba mkwe wangu alikuwa reli, miaka 88, bado anafungua redio na kuzifunga. Hakuna ndege hapo. Hawa watu wa Community, reli, posta, bandari, ndege, walifundishwa kufanya kitu kwa utaratibu na utaratibu huo ukaingia mpaka kwenye kula. Saa saba chakula, saa nane analala, saa kumi anaamka. Ukimpigia saa nane hapokei hata kama nyumba inaungua.

#25 Mjukuu wa Rubani
Babu saa nane pia alilala! Na hakuwa mnywaji, hilo nalo liwekwe.

#26 Binti wa Nne
Naomba kuingilia. Mimi ni mjukuu wa huyo huyo mzee, mamangu ni mtoto wa nne, na huyu #1 ni binamu yangu namjua kwa uandishi wake. Hakuwa mnywaji nani? Babu alikaa kwenye chungu cha malwa na wenzake na mrija wake alikuwa nao, ule mrefu wa rangi ya kahawia, uko ukutani mpaka leo. Ila ukikaribia siku ya kuruka hagusi. Watu wa ndege wanasema masaa nane toka uache pombe, yeye alisema siku nzima na usiku wake. Wewe ulikuwa unakuja likizo za Agosti tu, ndo wakati anaruka, kwa hiyo ulikuwa unamwona mtakatifu.

#27 Rolex Mbili
Binamu kafika 😂 lete kiti

#28 Mjukuu wa Rubani
Karibu dada. Sawa, malwa nakubali. Sasa kwa kuwa umekuja, wewe ndo umechukua kile kichupa? Tumetafuta sandukuni hakipo.

#29 Binti wa Nne
Tutaongea pembeni.

#30 Fundi Injini
Jamani 😂. Mjukuu, ana kitabu cha safari? Kila rubani anaandika, tarehe, ndege, kutoka wapi kwenda wapi, masaa. Kitabu hakidanganyi kama matanga.

#31 Mjukuu wa Rubani
Kipo, nimekaa nacho usiku wa jana. Viko viwili. Cha kwanza kinaanza 1965 kinaishia Januari 1977, kurasa zilizobaki tupu. Cha pili 1997 mpaka 2010. Nimehesabu safari 231 kwa vyote. Lakini cha ajabu, kwenye ile sehemu ya maelezo ameandika pia siku ambazo HAKURUKA. "Hapana, mawingu." "Hapana, mag ya kushoto." "Hapana, mtoto ana homa." Hizo zimefika 118. Mag ni nini?

#32 Fundi Injini
Magneto. Ndo inatoa moto wa kuwasha plagi. Injini hizi zina mbili, moja ikifa nyingine inakufikisha. Kabla ya kuruka unazima moja moja usikilize, mzunguko ukishuka sana au injini ikitetemeka unarudi kuegesha. Kwa kawaida hakuna mtu anaandika safari ambazo hazikufanyika, kitabu ni cha masaa. Huyu mzee alikuwa na mambo yake.

#33 Sista wa Wodi
"Mtoto ana homa." Hapo ndo pameniliza mimi.

#34 Mbishi Namba Moja
118 dhidi ya 231. Nilisema woga mkanitukana.

#35 Mama Watatu
Nyinyi wanaume hamjaona. Nyumba ina watoto tisa. Mtu anaamka Jumamosi saa kumi na moja, anakwenda uwanjani, anakaa pale anaangalia mawingu na wenzake wanakunywa chai, mchana anarudi, "hapana, mawingu." Mara 118! Huyo alikuwa anapumzika kelele. Muulizeni bibi yenu aliyebaki na hao tisa.

#36 Binti wa Jinja
😂😂😂 wamma umemaliza

#37 Mjukuu wa Rubani
Mama Watatu nimecheka lakini hapana. Kitabu kina sehemu ya abiria. Kwa miaka ya Nairobi kila safari ina jina la mtoto mmoja, kwa zamu, wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, alafu anarudia. Hakwenda peke yake.

#38 Mama Watatu
Basi alikuwa anampunguzia mke mmoja. Wanane wamebaki.

#39 Binti wa Nne
Zamu hiyo si ya kweli. Mamangu alipanda mara mbili mfululizo, siku ya kuzaliwa kwake, wakubwa wamekasirika mpaka leo. Angalia 1969.

#40 Mjukuu wa Rubani
Nimeangalia. Machi 1969, mara mbili, kweli. Na mamangu hapo karukwa. Sasa naelewa vitu vingi.

#41 Mzee wa Bombo
Bibi yenu naye alipanda?

#42 Mjukuu wa Rubani
Kwenye kitabu cha kwanza hayumo hata mara moja. Yeye alikuwa anapanda zile kubwa za kampuni tu, tiketi za wafanyakazi, Mombasa na Dar. Cha pili yumo mara moja, 2003, Kajjansi kwenda Kajjansi, dakika 25. Nimemuuliza. Amesema alichoka kuombwa. Nikamuuliza sasa jaja, mzee kaishi miaka mingi kwa nini? Akasema, "Alikuwa hali usiku." Basi. Akaendelea kuchambua mchele.

#43 Sista wa Wodi
Na hilo pia lina maana kitabibu.

#44 Mwalimu wa Arua
Sista kwako kila kitu kina maana kitabibu.

#45 Kalooli
Una picha zake za zamani? Sisi wa ndege tunapenda picha.

#46 Mjukuu wa Rubani
Iko moja, amesimama mbele ya VC10 na ovaroli, mkono kiunoni. Nyuma imeandikwa 1971 kwa kalamu. Namba ya ndege inaonekana 5X-UV, herufi ya mwisho imezibwa na kichwa chake.

#47 Mzee wa Bombo
5X ni Uganda. East African waligawa ndege zao kwa nchi tatu, 5X yetu, 5Y Kenya, 5H Tanzania. VC10 zilikuwa tano, na za Uganda mbili, 5X-UVA na 5X-UVJ. Kama ni UVA basi ndiyo ile iliyoanguka Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kusimama wakati inaondoka, watu 43 wakafa. Mkuu, chunguza kivuli cha herufi.

#48 Mjukuu wa Rubani
Nimetumia lensi ya simu, ni nywele tu. Babu alikuwa na nywele nyingi enzi hizo. Lakini mama anasema mwaka 72 mzee alikaa mwezi mzima hasemi na mtu, na kwenye kitabu Aprili hiyo hakuna safari wala "hapana".

#49 Fundi Injini
Kama aliihudumia hiyo ndege hata mara moja, basi hata kama kosa si lake, fundi hulali. Labda hizo "hapana" zilianza baada ya hapo? Angalia tarehe.

#50 Mjukuu wa Rubani
Ya kwanza ni Juni 1966. Kabla.

#51 Fundi Injini
Basi sijui.

#52 Mbishi Namba Moja
Kabla ya kulala, msimamo wangu ni ule ule, ni damu. Wadogo zake walikufa kwa nini?

#53 Binti wa Nne
Mmoja gari, Jinja Road, 1988. Mwingine miaka ile mibaya, hatukupata hata mwili. Hiyo si damu.

#54 Mbishi Namba Moja
Samahani dada. Poleni.

#55 Rolex Mbili
Mzee alipata kupanda Uganda Airlines hii mpya?

#56 Binti wa Nne
Alipanda, 2019 walipoanza tena, Entebbe Nairobi, ile Bombardier. Watoto walichanga. Alikaa dirishani upande wa bawa, hakuongea njia nzima, tulidhani anaumwa. Tumeteremka anasema wamepandisha matairi kwa kuchelewa kidogo.

#57 Kalooli
😂😂 fundi ni fundi

#58 Mjukuu wa Rubani
Nashukuruni wote, nimekuja na sababu tatu naondoka na kumi. Jumamosi tunakaa kugawa vitu vyake, vitabu vya safari tumekubaliana vinabaki kwa jaja. Dada, kichupa.

#59 Binti wa Nne
Kiko kwangu. Alinipa mwenyewe 2022 wakati wewe uko Dubai. Kina ufa, hakishiki mafuta tena. Usikitafute.

#60 Mama Watatu
Kumbe ndo uzi wenyewe ulikuwa huu.